Sanduku Lililoombewa Mapema

Kanisani kwetu Kambi Muru, mtu akipata safari ya ng'ambo haombewi peke yake. Sanduku lake pia huombewa. Na kwa kuwa wengi wetu hununua masanduku siku ya mwisho, kanisa lina lake, la kahawia, kubwa, lenye gurudumu moja lililokatika, nalo huwekwa mbele likiwa wazi. Wazee huliwekea mikono, kisha kila mwenye chochote huja kukitia ndani. Baadaye unahamisha vitu vyako na kulirudisha sanduku kwa mtunza kanisa, lingoje msafiri mwingine.

Siku yangu walitia ndengu kilo mbili, mbaazi, leso, sweta iliyofumwa kwa mkono, asali ya Kitui iliyofungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki, na Biblia ambayo tayari nilikuwa nayo. Mchungaji aliomba ndege isitikisike. Mama yangu, ambaye namwita Mwaitu kama tunavyoitana sisi watu wa Ukambani, alilia mpaka akaazima kitambaa cha jirani.

Ubaya ni kwamba sikuwa na visa. Wala tiketi. Nilikuwa na barua moja yenye mhuri mwekundu, ahadi ya ndege ya Jumanne ya wiki iliyofuata, na miadi ya Alhamisi ya kumpelekea ajenti pasipoti yangu na cheti changu cha ualimu. Si nakala, cheti chenyewe. Lakini sisi tukiona mhuri hatungoji. Kuombewa mapema ni ugonjwa wetu, na mtaani kwetu kuna watu walioagwa kwa machozi, kisha tukawakuta wiki iliyofuata wakinunua sukuma wiki huku wameinamisha uso.

Mimi nafundisha Kiingereza katika shule ya mabati Laini Saba, karibu sana na reli. Treni ikipita, mwalimu hunyamaza, na watoto hutumia nafasi hiyo kupigana. Nimekaa hapo miaka tisa. Cheti changu ndicho kitu pekee nyumbani kwa Mwaitu kilichotiwa fremu, nacho huning'inia juu ya televisheni ili mgeni asipate pa kukikwepa. Mwaitu anauza nguo za mitumba Soko la Toi, na wateja wake wanajua nilipata maksi ngapi katika kila somo. Wanajua pia kwamba nina hasira za karibu, kwa sababu nimewahi kugombana na wawili wao kuhusu bei.

Kazi yenyewe niliiona kwenye simu: walimu wa Kiingereza wanatafutwa Asia. Sitaitaja nchi, kwa kuwa nchi haikunikosea kitu. Nilijibu matangazo mawili. La kwanza lilikuwa la shule yenyewe, nayo ilinijibu baada ya wiki mbili kwa barua ndefu isiyo na sukari. Walitaka nifundishe somo la dakika ishirini mbele ya kamera, nilete cheti cha polisi cha tabia njema, na nifanye mtihani wa Kiingereza, mimi ninayewatungia watoto mitihani ya Kiingereza. Juu ya hayo wakaniambia kibali cha kazi huchukua miezi na kinaweza kukataliwa. Nilikasirika. Niliifuta ile barua nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, na nikajiona nimewakomesha.

La pili lilikuwa la ajenti, na huyo alikuwa na sukari ya kutosha mtaa mzima. Mahojiano yalichukua dakika saba kwa simu. Aliniuliza jina, umri, na kama napenda watoto. Kisha akasema Kiingereza changu kimemshangaza. Nilikuwa nimesema maneno kama thelathini hivi.

Tulionana kwenye mkahawa mmoja Barabara ya Ngong. Alikuwa amevaa suti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Dear, shule ni ya wenyewe," aliniambia. "Watoto ni wa matajiri. Ona."

Akanionyesha picha kwenye simu: darasa safi, watoto waliovaa tai, na katikati mwalimu mwanamke, Mwafrika, mkononi ana bangili ya shanga za rangi za bendera yetu.

"Huyu ni Mkenya mwenzako. Alikuwa kwa hiyo nafasi yako. Sasa amepandishwa cheo."

"Na visa?"

"Unaingia na ya mgeni, halafu tunabadilisha huko huko. Kila mtu hufanya hivyo."

"Na wazazi wa watoto hawatauliza Mkenya anatoka wapi na Kiingereza?"

"Wakiuliza, sema tu wewe ni wa South Africa. Hiyo ni marketing."

Nami nikacheka. Mimi, ambaye nimewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kunakili hesabu ya jirani, nilicheka na kukoroga chai. Nilitaka kuondoka, hiyo ndiyo kweli yangu. Nilikuwa nimechoka kunyamazishwa na treni. Aliponitumia sauti za walimu wawili wa kunithibitishia, wote wawili wakamaliza kwa maneno yaleyale kwamba sitajuta, nilijiambia bila shaka ni maneno yanayopendwa huko.

Baada ya ibada ile ya Jumapili niligawa namba ya ajenti kama peremende. Kila aliyenikumbatia aliiomba. Mmoja wao alikuwa msichana wa kwaya anayefundisha chekechea pale pale Laini Saba, mwembamba, mpole, ambaye kabla ya hapo hatukuwa tumezidisha salamu. "Mwalimu, na mimi naweza?" aliniuliza. Nikamwambia mwambie ni mimi nimekutuma, nikimwambia kwa kichwa cha mtu ambaye tayari yuko angani.

Jumatatu nikaenda kutoa notisi ya nyumba. Naishi Kawangware, kwenye ploti ya mama mmoja mzee ambaye ukoo wake ulikuwa pale kabla ya barabara. Sisi wapangaji twamwita Shosho, kama Wakikuyu wamwitavyo nyanya. Nilimkuta akikagua kamba za kuanikia nguo, kazi asiyomwachia mtu.

Lazima nieleze Shosho huchaguaje wapangaji, kwa sababu hapo ndipo safari yangu ilipogeukia. Haulizi karatasi ya mshahara. Anakuuliza tu ulikuwa ukiishi wapi, kisha anajifunga kitambaa, anavaa raba zake nyeupe, na kwenda huko mwenyewe. Akifika, hamwulizi mwenye ploti. Anasema mwenye ploti aliyechoka na mpangaji atamsifu mpaka umchukue wewe. Humtafuta jirani mliyekuwa mkianika nguo kwenye kamba moja. Huyo ndiye humwuliza, na swali lake la mwisho huwa lile lile: alihama mchana ama usiku? Kwa Shosho, mtu wa kuhama mchana, godoro likionekana na kila mtu, hana cha kuficha. Wa usiku amekimbia kitu, na yeye anataka kujua ni kitu gani. Miaka sita iliyopita alitembea hadi Kambi Muru kuniulizia, na mimi nilikuja kulijua hilo baada ya mwaka mzima.

"Shosho, nimekuja kukupea notisi. Naenda majuu, kufunza."

"Hiyo ni vizuri." Alivuta kamba, ikakaa sawa. "Na yule alikuwa anafunza hapo mbele yako, ako wapi?"

"Alipandishwa cheo."

"Nani amesema?"

"Ajenti."

"Huyo ni mwenye ploti. Wa kamba alisema aje?"

"Kuna wawili wengine wamenitumia sauti."

"Walikutumia wenyewe ama uliwatafuta?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Yule mwalimu alihama mchana ama usiku?"

"Shosho, hiyo ni shule, si ploti."

"Watu si huhama shule pia?"

Nilikasirika. Nilidhani hataki kupoteza mpangaji asiyemsumbua, nikamwambia nitatoka mwisho wa mwezi, nikaenda zangu. Siku hiyo nilifundisha vibaya. Nilikuwa ubaoni, chaki mkononi, nikijaribu kukumbuka kama ajenti aliwahi kunitajia jina la shule, na nikagundua kwamba hata kwenye ile barua yenye mhuri jina la shule halikuwemo. Lilikuwamo langu tu, mara nne.

Jumanne niliiweka ile picha, ambayo ajenti alikuwa amenitumia, kwenye kundi la mtandaoni la Wakenya wanaoishi nchi ile, nikauliza kama kuna anayemjua mwalimu mwenye bangili. Watatu wa kwanza walinikaribisha. Wa nne alitaka kuniuzia bima. Wa tano akaandika, "Huyo alirudi Kenya. Ongea na yeye mwenyewe," na baada ya kumwomba ruhusa, akanitumia namba.

Nilimpigia Jumatano saa nne, wakati wa chai, nikiwa nje ya darasa upande wa reli. Nilianza na maswali ya heshima. Nilimwuliza kuhusu mshahara, chakula, hali ya hewa. Alinijibu kwa ufupi, kama mtu anayengoja nimalize ili arudi kazini. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzuri. Nikajua nikikata simu hapo sitakuwa nimejua lolote, na kesho ndiyo Alhamisi.

"Naomba kukuuliza kitu cha ajabu," nikasema. "Ulihama huko mchana ama usiku?"



"Nani amekwambia uulize hivyo?"

"Mwenye ploti wangu."

Hapo akacheka, kicheko kifupi, halafu akasema, "Usiku, dada. Saa nane, na viatu nimeshika mkononi."

Kisha akanieleza yote, bila haraka. Waliishi walimu sita katika nyumba moja. Pasipoti zilikaa ofisini kwa ajenti wa huko, kwa usalama wao, waliambiwa. Kila visa ya mgeni ilipokaribia kuisha walipelekwa kwa basi hadi mpakani na kurudishwa. Wakaguzi walipokuja, watoto waliimbishwa uwanjani na walimu wakafungiwa stoo ya mipira, wakakaa juu ya mipira saa tatu, wakiwa wamevaa tai. Pasipoti yake aliiiba mwenyewe kwenye droo siku ya sherehe fulani, akaondoka usiku huo huo.

"Na cheti chako?"

"Hicho sikukipata. Kiko huko mpaka leo. Sasa niko Machakos, nasaidia shangazi dukani. Nikiomba kazi shuleni wananiambia lete original."

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa mabati uliopata jua, nikiwazia cheti changu. Usiku uliotangulia Mwaitu alikuwa ameshusha ile fremu, akatoa cheti changu kwa ncha ya kisu, taratibu, akakitia kwenye bahasha. Juu ya televisheni kulibaki mraba mweupe.

"Kuna mtu mwingine amewahi kukuuliza kabla yangu?"

"Kuhusu kuhama? Hakuna. Watu huniuliza kama kuna baridi."

Mtu mwenye akili angemkwepa ajenti na kuzima simu. Mimi nilikwenda Alhamisi kama tulivyoagana, na bahasha nikaikalia, kwa sababu nilitaka kumwona uso. Nikamwuliza mwalimu wa kwenye picha aliondokaje.

"Si nilikuambia? Promotion."

"Nimeongea naye jana. Ako Machakos, anauza sukari."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinyoosha mikono ya shati lake, akasema, "Dear, nyinyi watu wa mtaa mkipewa opportunity mnaanza upelelezi. Kuna watu mia wanangoja hiyo kiti yako."

Nilimwambia awape, nikainuka na bahasha yangu. Chai nililipa mimi. Nilitembea hadi Soko la Toi nikiongea peke yangu, na nilipofika kwa Mwaitu nikakaa juu ya marobota ya sweta na kumwambia kila kitu. Alisikiliza akikunja suruali. Alipomaliza ya mwisho akasema, "Na ndengu je? Tulishaanza kuzipika." Jioni ile cheti kilirudi kwenye fremu, fremu ikarudi ukutani, na sanduku la kanisa likarudi kwa mtunza kanisa. Mwaitu ndiye aliyelipeleka, na mtunza alidhani nimeshahamisha vitu vyangu.

Kwa Shosho nako nilikwenda kuondoa notisi. Alinitazama tu.

"Usiku?"

"Usiku."

"Basi fagia hapo mbele ya mlango wako, kumejaa majani."

Nilidhani yameisha. Cheti kiko ukutani, nyumba ninayo, kazi ninayo. Kilichobaki ni kanisa, na kanisa nililiogopa kuliko ajenti. Ningewaambia nini wale waliolia? Sweta ile ilikuwa imefumwa na mama mwenye macho mabovu. Nikajipangia kusali Kawangware miezi mitatu hivi, mpaka watu wapate jambo jingine la kuzungumza. Wale niliowagawia namba niliwafikiria, nisiseme uongo. Kila nilipotaka kuwaandikia niliona kwamba kuwaonya ni kukiri, na simu nikairudisha mfukoni. Niliona aibu, na aibu ilinishinda. Nilijiambia ajenti mwenyewe huchukua muda.

Jumapili saa nne nilikuwa nikifua, mikono imejaa povu, Mwaitu akapiga simu. Aliongea kwa kunong'ona, na nyuma yake niliisikia kwaya.

"Kuja. Lile sanduku liko mbele tena."

"La nani?"

"Wa chekechea. Yule mpole."

Sikubadilisha nguo. Nilipanda bodaboda na pindo la sketi likinidondosha maji, na njia nzima nilikuwa nikihesabu: mimi nilipata kazi kwa dakika saba, huyu hata hakuwa amehitaji wiki. Nilimtuma mwenyewe. Alikuwa amesema ametumwa na mimi.

Nilipoingia, wazee walikuwa wameshaweka mikono. Sanduku lilikuwa wazi, na ndani niliona mfuko wa ndengu na leso mpya. Watu waliponiona wakaanza kupiga makofi, wakidhani nimekuja kuwaaga mara ya pili kabla ya Jumanne. Mchungaji akanyoosha mkono kunikaribisha, akasema Bwana ni mwema, watumishi wawili wanaondoka kwa mkono mmoja. Nilitembea hadi mbele nikiacha alama za maji sakafuni. Mwaitu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi siendi," nikasema. "Ile kazi si ya kweli. Niliwaongopea bila kujua, na tangu Jumatano najua, na nikanyamaza kwa sababu niliona haya."

Makofi yalikufa moja moja. Yule msichana alikuwa amesimama kando ya sanduku, bahasha ya kaki yenye cheti chake kwapani, kwa kuwa miadi yake na ajenti ilikuwa kesho yake. Uso wake uligeuka, lakini si kwa shukrani.

"Mwalimu, si wewe ulinipa namba?" aliuliza. "Ama umeona na mimi nimepata, ukaskia vibaya?"

Ilinichoma, na sikuweza kukasirika, kwa sababu Jumatatu nilikuwa nimemfikiria Shosho vivyo hivyo. Mimi kwake nilikuwa ajenti wa pili. Hakuna neno langu lililostahili kuaminiwa. Nikafuta mkono kwenye sketi, nikatoa simu, nikapiga namba ya Machakos, na ilipoitikiwa nikampa.

"Usiniamini," nikamwambia. "Huyu ndiye alikuwa kwa hiyo nafasi. Muulize alihama mchana ama usiku."

Alilichukua swali kama lilivyo, akauliza kwa sauti ndogo ya chekechea. Kisha akasikiliza. Kanisa lote lilingoja, na mchungaji alikuwa bado ameinua mkono mmoja hewani, hajui pa kuuweka. Dakika zilipita. Msichana aliitikia "eeh", akazidi kuikaza bahasha kwapani.

Alipomaliza alifunga kifuniko cha sanduku, ndengu na leso zikiwa ndani, akakaa juu yake mbele ya watu wote. Nami nikakaa kando yake, kwa kuwa lilitutosha. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na kitambaa, na mkono mmoja ulikuwa umeishika bahasha. Aliitazama, akanitazama, akafikiria kidogo. Kisha akanipa nimshikie ili apanguse uso, nami nikaishika kwa mikono yote miwili, mbali na sketi yangu iliyolowa, mpaka alipoinyooshea mkono tena.